Makofi ya Bibi Mlango

Mtu akikuambia wivu ni ugonjwa wa vijana, mcheke tu, kisha mpeleke kwenye kile kituo cha kulelea watoto, nyuma ya karakana ya wachomeleaji vyuma, akamwone Bibi Mlango. Mama wa watu ana wajukuu, ana mvi, goti linamsumbua kila akipanda ngazi, na bado wivu ulimshika ukamtikisa kisawasawa. Alimwonea nani? Binti ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wake. Na kisa chenyewe? Vipande vya ndala. Ndiyo, ndala, hizi hizi za kuogea. Tulia nikueleze.

Jina lake la kuzaliwa pale kituoni hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Bibi Mlango, wazazi nao wakalidaka hilo hilo, ikabaki kwa Mwalimu Mkuu peke yake kumwita shangazi. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni. Usicheke. Mlango wa darasa la wadogo ulikuwa wa chuma, umetengenezwa na hao hao wachomeleaji wa jirani, ambao nadhani waliambiwa wanajenga ghala. Ukiusukuma unakwenda kwa uvivu, halafu upepo wa uani ukiudaka, unakimbia wenyewe. Na watoto wa umri ule unawajua. Penye mwanya watatia kidole. Walipenda hasa upande wa bawaba, pale ambapo mlango ukifunguka unabaki ufa mrefu wa kuchungulia. Mtu mzima anapita hapo hana habari, lakini kwa mtoto ule ufa ni dirisha lake mwenyewe.

Bibi Mlango alikuwa na dawa yake. Kabla mlango haujaguswa, alipiga makofi ya nguvu, pa-pa! Kisha akaita, "Mikono kichwani, mlango unapita!" Na watoto wote, hata wale walioanza kutembea juzi, wakaweka mikono kichwani wakajibu, "Upite!" Hapo ndipo aliposukuma. Mikono ikiwa vichwani haiwezi kuwa mlangoni, hesabu imeisha. Watoto wenyewe hawakujua hata kama ni habari ya vidole, wao walijua makofi tu. Kinyozi wa mtaa ule, ambaye binti yake alikuwa analelewa pale, aliwahi kuja analalamika. Walikwenda harusini, watu wakampigia bi harusi makofi, na mtoto wake akajishika kichwa kwa mikono miwili kama aliyefiwa. Bibi Mlango alicheka mpaka akakaa chini. Kwake ile ilikuwa sifa.

Na alikuwa na haki ya kuringa. Tangu ashike mlango ule, hakuna mtoto aliyebanwa. Wazazi walijua. Mtu anakuja mbio na shughuli zake, anamkabidhi mwanawe, anaondoka bila kugeuka nyuma. Huyo binti wa kinyozi ndiye aliyekuwa roho yake. Aliletwa akiwa na jino moja mdomoni, wakamwita Kijino, na sasa kinywa kimejaa lakini jina halikutoka. Kila asubuhi Kijino alikuja mbio akauficha uso wake kwenye aproni ya Bibi Mlango, na siku ya Bibi Mlango ilikuwa haijaanza mpaka hilo limefanyika.

Basi, mwanzo wa muhula akaja anti mpya.

Alikuwa mwembamba, ana sauti ya chini, na kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kifupi, hakina ukucha. Watoto wana macho. Hata hajavua mkoba, wameshamuuliza, "Anti, kingine kiko wapi?"

"Mlango ulikula," akasema. "Nilikuwa mdogo kama nyinyi."

"Ulilia?"

"Weee! Nililia mpaka majirani wakaja."

Wakatoa macho. Tangu siku hiyo watoto walijipanga foleni kukigusa kile kidole. Bibi Mlango alikuwa amesimama pale pale na vidole vyake vyote, vizima, alivyovitunza miaka nenda miaka rudi, na hakuna hata mmoja aliyeomba kumgusa. Khaa! Unadhani mtu hawezi kukionea wivu kidole kilichokatika? Alikionea. Alikitazama kile kidole mpaka chai yake ikapoa.

Kumbe hayo yalikuwa mwanzo tu. Baada ya muda kidogo yule binti akaja na mfuko wa plastiki umejaa vipande vya mpira, akamwita Mwalimu Mkuu. Alikuwa amekata soli za ndala kuukuu, kila kipande kinene, kimechanwa katikati. Akakibana kimoja kwenye ukingo wa mlango, juu kabisa, mahali ambapo mtoto hafiki. "Sasa ufunge, mwalimu. Ufunge kwa hasira."

Mwalimu Mkuu, ambaye siku hiyo alikuwa na hasira za kutosha, akausukuma mlango kwa nguvu zake zote. Mlango ukakimbia, ukagonga ule mpira, ukasema puf, ukarudi nyuma kidogo. Pakabaki nafasi ya kidole kupita na kutoka salama. Mwalimu Mkuu akafunga tena. Puf. Akafunga mara nyingine, anacheka peke yake. Upande wa bawaba binti alibandika kipande cha turubai, mlango ukifunguka kinanyooka, ukifungwa kinajikunja, ule ufa haupo tena. Watoto wakashangilia. Tangu hapo binti akawa Anti Sponji, ingawa pale hapakuwa na sponji hata kidogo.

"Na hizi ndala umezipata wapi?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Kuna mzee fundi viatu pale kona, ananipa bure. Tena yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kuzichana zisikatike."

Bibi Mlango, aliyekuwa anajifanya anakunja taulo, taulo likamtoka mkononi. Fundi viatu wa pale kona alikuwa mume wake.

Jioni hiyo mzee wa watu alirudi nyumbani hana hili wala lile. Sahani ya chakula ikamfikia mezani kwa kishindo.

"Siku hizi unagawa ndala?" mke wake akamuuliza.

"Ndala gani? Ahaa! Yule binti!" Mzee akachangamka, na hapo ndipo alipokosea. "Ana akili sana yule. Hivi mbona hukuniambia kama mna mtu wa namna ile?"

"Ningekuambia ili iweje?"

"Ah, si basi tu. Miaka yote naitupa ile mipira, hakuna aliyewahi kuniomba."

"Kwa hiyo mimi ndiye sina akili."

"Nani kasema hivyo, mama? Nimesema yule anazo."

"Kwangu hakuna mtoto aliyebanwa! Hakuna!"

"Sijakataa. Binti anakusaidia tu, mbona unawaka?"

Neno hilo la kusaidiwa lilimwingia Bibi Mlango rohoni likakaa. Alikula huku amempa mzee kisogo, jambo ambalo katika chumba kidogo kama kile linataka ufundi. Mzee alimaliza chakula chake, akaosha sahani mwenyewe.

Kesho yake Mwalimu Mkuu akamwita ofisini. Alimkaribisha kiti, na Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kukaribisha watu kiti.

"Shangazi, umefanya kazi kubwa sana," akaanza. Bibi Mlango akajua limeshaharibika. "Sasa hivi Anti anaweka vile vipira kwenye milango yote. Nafikiri makofi tuyapunguze. Wazazi wengine wanasema tunawatia watoto uoga. Mwezi huu ukiisha, milango ikiwa tayari, utahamia kule nyuma. Mashuka ya watoto yanahitaji mtu wa kuyafua na kuyaanika. Na goti lako litapumzika."

"Na mlangoni atakaa nani?"

"Mlango sasa unajilinda wenyewe, shangazi."

Kule nyuma unapajua? Kuna karo la kufulia, kuna kamba, kuna ukuta. Mtoto hapiti kule. Bibi Mlango alisema ahsante kwa shingo upande, akatoka, akasimama mahali pake, na kila alipomwona Anti Sponji anapita na nyundo yake ndogo kuelekea mlango mwingine, aliona siku zake zinapigiliwa misumari. Alitaka yule binti aumwe. Si sana. Homa tu ya kumlaza mpaka mwezi upite.

Ubaya ni kwamba yule binti hakuwa na ubaya. Angekuwa na kiburi, Bibi Mlango angempiga vijembe roho yake ikatulia. Lakini kila asubuhi ilikuwa, "Shikamoo mama," kwa heshima zote, na yeye akiitikia marahaba inayotoka puani. Kisha Kijino naye. Asubuhi moja Kijino aliingia mbio kama kawaida, Bibi Mlango akaitayarisha aproni yake, akainama kidogo. Mtoto akampita. Akaenda kumkumbatia Anti Sponji magotini. Bibi Mlango alibaki ameinama vile vile, akajifanya anaokota kitu sakafuni.

Na watoto walikuwa wamejifunza neno jipya. Walisimama mlangoni, wakaupigapiga ukingo wake kwa viganja na kuimba, "Mlango wetu hauna meno! Hauna meno!"

"Unayo!" Bibi Mlango akawakemea. "Ondoeni mikono. Mlango una meno!"

"Hauna," Kijino akamwambia, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. "Anti kasema."

Hapo uvumilivu ukamwishia. Akamfuata Anti Sponji jikoni. "Wewe binti. Unawafundisha watoto kucheza na mlango. Hapa umeweka ndala zako, sawa. Siku wakiukuta mlango wa kwao nyumbani, hauna ndala, wataujuaje?"

Sasa nikwambie ukweli, alichosema kilikuwa cha maana. Ila alikisema kwa sumu kiasi kwamba mtu mwingine angesikia sumu tu. Yule binti alisikia maana. Akaiweka chini sufuria aliyokuwa anasugua.

"Ni kweli mama. Hilo sikuliwaza hata kidogo. Basi tufanye vyote, vipira viwepo na makofi yako yawepo. Nizungumze na mwalimu?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungesema ndiyo, mkono ukapewa mkono, tukaenda nyumbani. Lakini wivu ukishapata nyumba haupokei wageni. Bibi Mlango alimtazama kuanzia chini mpaka juu. "Mlango umeshauchukua. Chukua na makofi ukapige," akasema, akaondoka.

Ndipo akili yake ikaanza kumpeleka pabaya. Mwishoni mwa korido kulikuwa na stoo ya magodoro, ndani yake dirisha lisilo na kioo. Mlango wa ile stoo ni wa mbao, na upepo ukipita dirishani huwa unaubamiza mpaka ukuta unatetemeka. Anti Sponji alikuwa ameshauwekea kipira. Watoto hawaruhusiwi kwenda kule. Bibi Mlango akapiga mahesabu yake: kipira kikitoka, upepo ukija, mlango utapiga kishindo cha kumtoa Mwalimu Mkuu ofisini mbio. Hakuna atakayeumia. Yeye atakuwa amesimama pale pale, ataweka mkono kifuani na kusema, "Mnaona? Hivi vindala mnaviamini? Je, kama mtoto angekuwa hapa?" Basi. Kishindo tu. Kishindo kimoja cha kumrudishia mlango wake.

Watoto walipokuwa wanakula, alikwenda kwenye stoo, akapanda juu ya godoro lililokunjwa, goti linalia, akakichomoa kile kipira, akakitia kwenye mfuko wa aproni. Akausukuma mlango wazi kabisa. Akasimama kando kuusubiri upepo.

Upepo siku hiyo ulikuwa na maringo. Alisubiri weee, hata jani halikutikisika. Akasikia miguu midogo koridoni, tap tap tap. Kijino alikuwa anakuja peke yake, mdomo umejaa chakula.

"Umefuata nini huku? Rudi!"

"Nakutafuta wewe," Kijino akasema.

Sikia hilo. Mtoto aliacha sahani yake, akamwacha Anti na kidole chake, akaja kumtafuta bibi ambaye siku hizi hapigi makofi, kanuna. Na alikuja kumfurahisha. Kwa kuwa alishamwona anauogopa mlango, alitaka kumwonyesha kwamba hauogopeshi.

"Bibi, tazama. Hauumi." Akavitandaza vidole vyake vyote vya mkono wa kulia kwenye fremu ya mlango, pale pale unapofungia, akamwangalia usoni akitabasamu. Na upepo ukaja.

Bibi Mlango hakupiga kelele wala makofi. Nafasi ya makofi haikuwepo. Aliupeleka mkono wake. Mlango ulikuja kwa kasi yake yote ukakuta kiganja cha mtu mzima, ukakibana kwenye fremu. Sauti iliyotoka haikuwa kile kishindo alichokipanga, ilikuwa ndogo tu, na yeye ndiye aliyeisikia vizuri kuliko wote. Vidole vya Kijino vilikuwa pembeni yake, katika upenyo mwembamba uliobakishwa na vidole vyake yeye. Vilikuwa vizima. Akavihesabu kabla hajajitazama mwenyewe.

Kisha akapiga ukelele. "Mikono! Nimesema mikono! Toa mkono!"

Kijino hajawahi kupigiwa kelele na bibi yule. Akaangua kilio, akatimua mbio koridoni akiita, "Anti! Anti!" Naam. Bibi Mlango ameingiza mkono wake kwa ajili ya mtoto, na mtoto kamkimbilia yule yule. Ameketi sakafuni, mkono umeshaanza kuvimba, damu inatoka chini ya kucha, na bado kijiba cha roho kikapata nafasi ya kumwambia, unaona?

Anti Sponji alifika mbio. Hakuuliza maswali. Alipiga magoti, akaushika ule mkono kwa chini, akasema, "Pole mama, pole, usiukunje." Akatafuta kitambaa cha kuufunga. Hakuwa nacho. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni ya Bibi Mlango, mahali ambapo kila mtu pale alijua mama yule huweka leso yake.

Akatoa leso. Na pamoja na leso kikatoka kipira.

Wakatazamana. Anti Sponji akakigeuza kile kipira mkononi, akautazama mlango, juu, mahali kilipotakiwa kuwa. Bibi Mlango alitamani sakafu ipasuke. Alingoja matusi, na kwa kweli aliyataka, yangempunguzia. Binti akaufunga mkono kwa leso, taratibu, akainuka, akasimama kwa ncha za vidole, akakirudisha kipira mahali pake. Ndipo Mwalimu Mkuu akatokea.

"Kuna nini? Nini hiki? Mlango huu si una kipira?"

"Kilichomoka, mwalimu," akasema Anti Sponji. "Kosa langu. Nilikikata vibaya. Nimekirudisha."

"Kilichomoka!" Mwalimu Mkuu akashika kiuno. "Na kama angekuwa mtoto? Ndiyo maana mimi nilikuwa na wasiwasi na hivi vitu tangu mwanzo." Hakuwa na wasiwasi wowote, alikuwa anafunga milango na kucheka, lakini watu wakubwa ndivyo walivyo. "Basi yaishe. Vitoe vyote. Leo leo. Shangazi atabaki mlangoni na makofi yake kama zamani. Na wewe, binti, tutaongea."

Haya. Umeona? Kila kitu alichokitaka kimewekwa mapajani mwake. Mlango umerudi, makofi yamerudi, mwenzake anatolewa. Hakutakiwa kusema hata neno. Alitakiwa anyamaze tu, na kwa maumivu aliyokuwa nayo hakuna ambaye angemshangaa kwa kunyamaza.

Akamtazama yule binti. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakishikashika kile kidole chake kifupi, kama anayeuliza kinauma bado. Na hapo, sitakudanganya kwamba moyo wa Bibi Mlango ulijaa upendo. Ulijaa wivu, tena kuliko siku zote. Huyu mtoto wa watu kaleta akili, kachukua mapenzi ya watoto, kasifiwa na mume wangu mezani pangu, na sasa hata wema anataka anizidi? Anibebee na kosa langu, mimi nibaki mdogo kuliko yeye mpaka naingia kaburini? Thubutu!

"Hakikuchomoka," Bibi Mlango akasema.

"Mama, acha," Anti Sponji akanong'ona.

"Usiniambie niache! Hakikuchomoka, mwalimu. Nilikichomoa mimi. Nilitaka mlango upige kishindo mnione. Kijino akaja. Hivyo vipira havina kosa, na ole wako uvitoe hata kimoja."

Mwalimu Mkuu akaishusha mikono yake kiunoni. "Shangazi. Wewe? Wewe wa vidole?"

"Mimi wa vidole," akajibu, na ndipo machozi yakamtoka, yale aliyoyazuia mlango ulipombana.

Zahanati walikuta mfupa wa kidole cha kati umepasuka, na ukucha wa jirani yake umekwenda. Wakamfunga bendeji kubwa nyeupe na kibao ndani yake. Mume wake alikuja kumchukua na mikono inanuka gundi. Njiani mkewe akamweleza yote, hakuficha, mpaka wakakaribia nyumbani.

"Ungeniambia tu unaumia," mzee akasema. "Mimi nilidhani ni ndala."

"Ni ndala," akasema mke wake. "Ndala na kila kitu."

Kwa yale aliyoyafanya Bibi Mlango, Mwalimu Mkuu alikuwa na haki ya kumfukuza, na alimwambia hivyo bila kupepesa macho, tena mbele ya kinyozi, baba yake Kijino. Kinyozi alisikiliza yote. Alimtazama mwanawe, akaushika ule mkono mdogo akavipitia vidole vyake kimoja kimoja, kisha akautazama ule wenye bendeji, akasema yeye hana neno. Uamuzi ukawa kwamba Bibi Mlango atahamishiwa kwenye mashuka. Halafu wote wakaitazama ile bendeji. Nani atafua shuka kwa mkono ule? Mwalimu Mkuu akashusha pumzi. "Basi kaa hapo mlangoni mpaka upone," akasema. "Ukipona, tutaona."

Akarudi mlangoni. Asubuhi ya kwanza watoto walimzunguka wote. Foleni ikajipanga, ya kugusa bendeji, na Bibi Mlango hakuweza kujizuia, jicho likamtoka pembeni kuona kama Anti Sponji anaiona ile foleni.

"Kimekatika?" Kijino akauliza kwa matumaini makubwa.

"Hakijakatika."

"Aaa," akasema Kijino, akasikitika. Kisha akauficha uso wake kwenye aproni, akakaa hapo muda mrefu.

Saa ya kutoka kwenda uani ikafika. Vipira vilibaki, makofi nayo yalibaki, na kwa ajili ya ile bendeji Anti Sponji ndiye aliyekuwa amepewa kuyapiga. Akapiga. Yalitoka mepesi, ya aibu, watoto wakacheka, mmoja tu ndiye aliyeinua mikono, tena nusu nusu. Wengine wakageuka kumwangalia Bibi Mlango. Raha iliyompitia mama yule, jamani, siwezi kuipima. Akainua mikono yake apige mwenyewe. Bendeji ikamkumbusha. Akajaribu kupiga paja, hakuna aliyeelewa. Na mlango uko wazi, watoto wamejaa kwenye kizingiti, mikono imetapakaa kila mahali.

Anti Sponji akasogea. Akainua kiganja chake cha kushoto, chenye kile kidole kifupi, akakiweka mbele ya mama yule, akakikaza.

Bibi Mlango alikitazama. Alikuwa bado na wivu, usije ukasema umemwishia. Akaurudisha nyuma mkono wake mzima akaupiga ule wa mwenzake kwa nguvu zote, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Pa! Binti akakunja uso, lakini kiganja hakukishusha. Pa! Mikono ya watoto ikaruka juu, yote, ikashika vichwa.

"Mikono kichwani," Bibi Mlango akaita, "mlango unapita!"

"Upite!"

Mlango ukapita, ukakimbia na upepo, ukagonga kipira, ukasema puf. Anti Sponji alikuwa anapulizia kiganja chake kilichowiva. Bibi Mlango alimtazama, akasonya kidogo. Watoto wakishatoka huwa wanataka kuingia tena, na yeye alikuwa ameshauinua mkono wake, anausubiri wa mwenzake.